Jinsi ya kutafsiri maandishi ya Wachina kuhusu migogoro yao kwenda Kiingereza

Machalii wengi wa hapa Arusha waliosoma Kichina wanaishia saiti au kwa watalii, ila kuna kazi nyingine, kutafsiri yale Wachina wenyewe wanayoandika wakigombana, ardhi, mishahara, kubomolewa, msomaji wa Kiingereza aelewe. Mimi nafanyia zangu Sakina kwa bando la kuungaunga, ngoja niseme ninavyofanya.

Kwanza usikimbilie Kiingereza. Soma, kisha jisimulie kwa Kiswahili kama unamsimulia shangazi. Chukua kisentensi hiki: chengguan you lai le. Dikshenari itakupa "maofisa usimamizi wa mji wamewasili tena", msomaji anaona watu wa tai na mafaili, kumbe chengguan ni mgambo wa jiji, wale wale wanaotimua machinga. Halafu cheki hiyo "you", Mchina ana "tena" mbili, zai ni ya jambo litakalorudiwa, you ni ya lililokwisha kurudiwa na mara nyingi ina kero ndani yake. Na "le" usiifanye wakati uliopita kila ukiiona, hapa inasema hali imegeuka, wameshaingia. Kwa shangazi inakuwa "haya, mgambo hao tena!" Ukishaipata hiyo ndo utafute Kiingereza cha mtu anayekunja turubai mbio.

Maneno ya serikali ni kinyume chake, hayo usiyapashe moto. Qunti shijian, yaani tukio la kundi la watu, linaweza kuwa mgomo, maandamano au fujo kabisa, na aliyelichagua kalichagua kwa sababu halisemi watu walikuwa wanadai nini. Ukiandika "ghasia" umeshaegemea upande. Liache na ubaridi wake, ila mwanakijiji akiandika weiquan, kutetea haki, hapo nawe usipoe.

Sasa chai. Kunywa chai, he cha, kwenye maandishi haya ni kuitwa na polisi "mkaongee kidogo". Mimi mtu wa Arusha, chai naijua ni kitu kidogo, nikatafsiri rushwa, mhariri akaniuliza kwa nini polisi wanamhonga wakili wa wanakijiji 😂 sikuwa na jibu. Na ukikuta "chai" yenyewe kwa herufi za kilatini siyo chai hata kidogo, ni bomoa, ile alama wanayopiga ukutani, mara nyingi ndani ya duara, kama X nyekundu zetu za barabarani. Sisi tunaelewa papo hapo, msomaji wa Kiingereza hajawahi kuamka akakuta X ukutani kwake, so mwekee maneno mawili matatu humo humo kwenye sentensi, tanbihi hasomi mtu. Dingzihu, kaya ya msumari, yaani familia inayokataa kuhama nyumba ibomolewe, mimi naiacha na msumari wake, ile nyumba ya Chongqing ya 2007 iliyobaki juu ya kichuguu katikati ya shimo la ujenzi ilionekana dunia nzima, picha inajieleza.

Angalia pia jinsia, Mchina anapenda kuacha kiima na sisi "a-" yetu ni ya wote, ukizubaa mama mjane anageuka mwanaume aya ya tatu.

Majina ya watu wa kawaida ficha. Na posti za namna hii hufutwa, kwa hiyo piga skrinishoti kwanza ndo ubandike chai yako jikoni.