Kupanda ufa rahisi wa mwamba jangwani

Anzia Dar. Fundi seremala wa Keko akuungie mbao mbili nene zilizoachana sentimita 5, ujizoeze kabla ya safari.

Ingiza mkono, gumba juu, kisha likunje kuelekea kiganjani: msuli wa chini yake hutuna na kubana kuta zote mbili. Mguu uingie kwa ubavu, goti likiwa nje. Ukilisimamisha, kiatu kinajikaza. Simamia miguu! Wengi huishiwa nguvu kwa kuvuta kingo za ufa.

Kamu, kifaa kinachotanuka ufani na kushika kamba yako ukianguka, ibanwe zaidi ya nusu. Ikiachia sana huchomoka. Ikibanwa hadi mwisho hunasa. Ya kwanza iweke mapema, usije ukateleza mguu ukaanguka hadi chini.

Jiwe la mchanga likilowa mvua, usipande: hudhoofika, likameguka kamu ikivutwa.