Somo: Kutumia pointi za hoteli bila kujipunja

Wakuu, wengi mmeniuliza pembeni lini ulipie chumba kwa pointi, zile unazopewa na hoteli kwa kulala kwao, na lini ulipe fedha, basi nalimwaga hapa mara moja.

Video nyingi za pointi zinatengenezwa na Wamarekani wenye kadi za benki nane mfukoni. Pointi zao zinatokana na kulipa kwa kadi hizo supamaketi na sheli. Sisi watu wa warsha na ukaguzi, pointi zetu tunazilalia kwelikweli. Mimi ni mkaguzi wa hesabu, Nairobi, Kigali na Kampala nalala karibu kila mwezi, na ninayoitumia zaidi ni Marriott Bonvoy, mpango wa pointi wa hoteli za Marriott. Mifano mingi itatoka huko.

Hatua ya 1: Pointi ziingie kwanza

Uanachama wa mpango wa pointi ni bure. Weka nafasi kwenye programu au tovuti ya hoteli yenyewe, maana ukipitia mawakala kama Booking.com au Expedia kwa kawaida huambulii kitu. Ukifika mapokezi taja namba yako ya uanachama, na siku ya kuondoka itafute kwenye bili kabla hujapanda teksi. Marriott hutoa pointi 10 kwa kila dola kwenye chapa zake nyingi, kwa hiyo siku tatu za dola 150 zinakupa 4,500.

Hatua ya 2: Gawanya

Hapa ndipo penye somo lenyewe, mengine ni mapambo.

Chukua bei ya mwisho ya chumba, kodi ikiwemo. Igawe kwa maelfu ya pointi wanayodai. Tuseme chumba Kigali ni dola 150, ongeza VAT ya asilimia 18, inakuwa 177. Kwa pointi wanataka 25,000. 177 gawanya kwa 25 ni dola 7 na senti kidogo. Yaani kila pointi elfu moja imekulipia dola 7.

Sasa chumba hichohicho Jumamosi, wafanyabiashara wameshaenda makwao: dola 118 na kodi yake, au pointi 22,000. Elfu yako imeshuka hadi dola 5 na ushee. Lipa fedha, tunza pointi. Wiki ya mkutano mkubwa, mji umejaa: dola 307 au pointi 32,000. Hapo elfu moja inakaribia dola 10. Toa pointi haraka.

Marriott waliacha jedwali la bei zisizobadilika za pointi mwaka 2022, ndiyo maana bei ya pointi nayo inapanda na kushuka. Ila mara nyingi haipandi kwa kasi ya bei ya fedha, na faida yetu iko kwenye pengo hilo.

Viwango vyangu mimi: Marriott sitoi chini ya dola 7 kwa elfu. Makundi mengine ya hoteli, Hilton na IHG, dola 5 inatosha. Hyatt nataka 15 kwenda juu, kwa sababu pointi zao ni chache kuzipata na ni nzito. Hivyo usifurahie tu kwamba hoteli moja inadai 15,000 na nyingine 40,000. Hiyo ni sawa na kulinganisha shilingi ya Kenya na ya Uganda kwa kuangalia tarakimu.

Hatua ya 3: Toa chai

Hili lilinipiga mwenyewe. Nilipeleka familia Zanzibar siku mbili kwa pointi, najisikia tajiri. Asubuhi watoto wamejaza sahani, mdogo ana chapati za maji tatu na sosi ya chokoleti mpaka kwenye nyusi, mhudumu akaja taratibu na kitabu cheusi cha bili. Dola 22 kwa kichwa, na tulikuwa wanne. Bei ya fedha niliyolinganisha nayo ilikuwa na kifungua kinywa, ya pointi ilikuwa chumba kitupu. Hoteli haikukosea, iliandikwa. Mimi ndiye sikusoma.

Kwa hiyo kama bei ya fedha ina chai na ya pointi haina, toa gharama ya chai ya watu wote kwanza, ndipo ugawe.

Hatua ya 4: Siku ya tano

Ukilipia siku tano mfululizo kwa pointi, Marriott hawakutozi siku iliyo nafuu kuliko zote. Kwa mfano wetu wa Kigali, unatoa 100,000 kwa malazi ya dola 885, karibu dola 9 kwa elfu. Hilton nao wanayo, ila lazima uwe ngazi ya uanachama ya Silver au zaidi. Likizo yako ikiwa ya siku nne, fikiria kuongeza moja.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, ofisi ndiyo inalipa hoteli. Pointi ni za nani?*
Kwa kawaida ni za aliyelala. Tatizo ni vyumba vya warsha vilivyochukuliwa kwa mkupuo na mwandaaji. Bei hizo mara nyingi hazina pointi. Uliza kabla. Na sera ya ofisi yako isome, usije ukaniponza.

*Nilale hoteli ya dola 150 badala ya gesti ya 50 ili nipate pointi?*
Hapana, kaka. Pointi 10 kwa dola, elfu kwa dola 7, ni punguzo la asilimia 7 tu. Kama posho ni yako, lala gesti.

*Mimi nina pointi za hoteli za Accor. Hesabu ni hiyohiyo?*
Huko hakuna mchezo. Pointi 2,000 ni euro 40, popote. Usizirundike tu, maana mwaka ukipita bila kulala kwao zinakufa. Marriott na Hilton wanakupa miezi 24 bila shughuli yoyote.

*Nikiweka nafasi kwa pointi halafu bei ya fedha ishuke?*
Futa kabla ya siku ya mwisho iliyoandikwa, pointi zinarudi, lipa fedha. Mimi huchukua kwa pointi mapema, kisha nachungulia bei kila Ijumaa.

*Nataka mama alale kwa pointi zangu Dar, mimi niko Muscat.*
Inawezekana, dada. Weka jina la mama kama mgeni, kisha waandikie hoteli barua pepe wakuthibitishie. Waulize pia kuhusu dhamana ya mapokezi. Mama yangu aliombwa kadi ya benki naye ana M-Pesa tu. Alikaa kwenye kochi saa nzima na begi lake mapajani mpaka nilipopokea simu.