Njia za kumalizia uso kwenye Fusion: angalia mteremko kabla ya stepova

Wengi wakifika kwenye kumalizia (pasi za mwisho za mashine ya CNC) ndani ya Fusion, programu ya kuchora na kupanga njia za biti, wanabonyeza Parallel (pasi zilizonyooka sambamba), wanabana stepova (nafasi kati ya pasi na pasi) mpaka mwisho, alafu mashine inalia masaa, kipande kikitoka chini panang'aa ila ukutani mistari mitupu. Hapo hata ubane stepova vipi utalipa muda tu, njia yenyewe ndo haiendani na mteremko. Tuchukue moldi ya sabuni ya alumini: chini pamebonyea kidogo, kuta karibu zimesimama, na kona ya mviringo inaziunganisha. Mashine ni ya ekseli 3 na biti ni bolinozi (ncha yake ya mviringo) ya kipenyo cha 6 mm.

Hatua ya 1: nyama (alumini iliyobaki ya kukatwa) ibaki sawa. Kama rafu (ukataji wa kwanza) imeacha ngazi ngazi, pitisha pasi ya kati kwanza ili ibaki kama 0.3 mm kila mahali, la sivyo biti itakutana na nyama nene hapa na nyembamba pale, itapinda, na alama yake haifichiki hata upige msasa.

Hatua ya 2: piga hesabu ya matuta. Bolinozi lazima iache matuta kati ya pasi na pasi, urefu wa tuta ni stepova mara stepova, gawanya kwa nusu kipenyo cha biti mara 8. Stepova ya 0.3 kwenye bolinozi ya 6 inakupa 0.09 gawanya 24, yaani kama 0.004 mm, safi kabisa. Lakini hiyo ni sehemu iliyolala! Parallel inapima stepova ukiangalia kutoka juu, kwaio ukuta wa nyuzi 60 uliokaa sambamba na pasi, nafasi halisi inakuwa 0.6 na tuta linapanda mara 4, unafika 0.015. Ukibana stepova nusu ili kuokoa huo ukuta, muda unakuwa mara mbili kwa moldi nzima.

Hatua ya 3: kuta mpe Contour. Nenda kwenye tabu ya Geometry, washa Slope (kikomo cha mteremko), weka kuanzia 40 hadi 90 (Fusion inahesabu 0 ni iliyolala, 90 imesimama). Contour inashuka kwa ngazi za Z (kimo), kwaio ukutani ni tamu sana, ila ukiiachia ifike chini penye nyuzi 10, ngazi ya 0.3 inageuka pengo la kama 1.7 mm juu ya uso.

Hatua ya 4: chini mpe Parallel, Slope 0 hadi 45. Hizo nyuzi 5 za kupishana ziache, ukikata zote kwenye 40 kamili utaona mstari wa mpaka. Scallop, njia nyingine ya kumalizia, nayo inafaa kwa sababu inapima nafasi juu ya uso wenyewe, mteremko hauisumbui, ila pasi zake zinakutana katikati na kuacha alama ya mshazari, na kwenye moldi alama hiyo utaiona kwenye kila kipande cha sabuni. Mimi kwa moldi nabaki na Parallel. Kuna pia Steep and Shallow inayofanya yote mawili kwa mkupuo, ila inataka nyongeza ya kulipia. Na kama chini ni bapa kabisa achana na bolinozi, ncha yake katikati haina spidi ya kukata, inasugua tu alumini, tumia Flat (njia ya sehemu bapa) na endimili bapa (biti yenye ncha bapa).

Hatua ya 5: kona. Kona ya R3 (nusu kipenyo 3 mm) na bolinozi ya 6 zinalingana kabisa, biti inakumbatia kona nzima kwa mpigo na kuanza kupiga kelele. Chora kona R4 kama mteja hajali. Akitaka kona kali zaidi, rudi na biti ndogo na Pencil (njia inayofuata kona za ndani tu). Pencil ikitoka tupu, biti yako ni ndogo kuliko kona, cheza na Overthickness (programu inahesabu biti kama nene zaidi) ndo itaiona.

Tolerance watu wanaisahau. Fusion inaanza na 0.01, sasa unatafuta tuta la 0.004 huku programu inaruhusiwa kukosea zaidi ya hapo? Shusha hadi 0.002. Kontrola (kompyuta za mashine) za zamani zinaweza kuanza kushtukashtuka kwa wingi wa vimistari vifupi, ikitokea washa Smoothing (inapunguza vimistari hivyo), kisha rudia simulesheni na uzumu pale Contour na Parallel zinapopishana kabla hujatoa G-code (maagizo ya mashine).