Bastola yako: cha kubadilisha na cha kuacha

Mwenye leseni hapa Mtwara akishajua nilikuwa fundi wa ghala la silaha jeshini, ombi lake huwa ni lilelile: "Mzee, nilegezee triga kidogo," yaani kifyatulio kiwe chepesi kuvuta. Namkatalia, na sababu nitazieleza. Ila yapo marekebisho yenye faida kweli, na mengi hayana gharama kubwa.

Mfano wangu utakuwa Browning Hi-Power, bastola ya mwaka 1935, milimita 9, magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia mpinini) ya risasi 13. Imepita kwenye majeshi mengi duniani na matatizo yake yanajulikana.

Kabla ya lolote, chomoa magazini, ndipo uvute nyuma slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, utazame chemba, tundu inamokaa risasi ya kufyatuliwa, kwa macho na kuipapasa kwa kidole. Risasi zikae chumba kingine. Na kama kazi inagusa chuma chenyewe, pita kwanza polisi wilayani, kwa wanaoshughulikia silaha, uulize. Silaha iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na namba yake haiguswi hata kwa msasa.

Anza na mpini. Joto la Novemba, kabla mvua hazijashuka, mkono unalowa jasho, na vibao vya plastiki vilivyolika vinateleza. Hi-Power ina vibao viwili, kila kimoja kimeshikwa na skrubu moja. Vifungue, bastola uifungie kabatini, umpelekee mchonga mpingo vibao peke yake. Mafundi wa Kimakonde tunao, na mpingo unatoka hapo jirani, misitu ya vijiji vya Kilwa. Ni mti mzito, ukiutupa majini unazama, na haunywi jasho kama mbao laini. Mwambie atumie kipande kilichokauka sawasawa, la sivyo kitapasuka kwenye tundu la skrubu. Unene usizidi wa kibao cha zamani; pima kwa kalipa, kile kipimo cha taya mbili, usikadirie kwa jicho. Kikizidi, kidole gumba hakifiki vizuri kwenye kitufe cha magazini, na kibao cha kushoto kinaweza kukwama na sefti, kile kitufe cha kufunga bastola isifyatuke. Mchonga atataka kuking'arisha kama kinyago. Mkatalie kwa upole: achore mistari ya kukatizana, aache uso wenye kukwaruza.

Cha pili ni vilengeo, vile vinundu viwili vya juu vya kulengea. Hi-Power za zamani zina vilengeo vidogo, vyeusi tupu, na jioni huvioni. Kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele ni kama sentimita 16, kwa hiyo ukikosea milimita moja tu hapo, kwenye shabaha ya mita 15 umekosea zaidi ya sentimita 9. Ndiyo maana nasema fedha ya vilengeo haipotei. Njia rahisi: futa kilengeo cha mbele kwa spiriti mpaka mafuta yaishe, paka rangi nyeupe ya kucha, iache ikauke, kisha juu yake weka rangi ya chungwa. Ile nyeupe ya chini ndiyo inayoifanya ya juu iwake. Cha nyuma kiache cheusi. Vipo vilengeo vyenye tritiamu, gesi yenye mionzi, vinavyowaka gizani vyenyewe, vizuri sana, ila mwanga wake hupungua nusu kila miaka 12 hivi. Ukiuziwa vilivyokwishatumika, uliza umri wake.

Springi ya slaidi na springi za magazini zikichoka, weka mpya zenye nguvu ileile ya kiwandani. Hapo sina maneno mengi.

Sasa triga. Meno yanayoshika nyundo, ile inayogonga ili risasi itoke, yamekomazwa kwa moto, na ugumu ule uko juu juu. Mtu wa tupa akipitisha mikono yake mara chache, anafika kwenye chuma laini, meno yanalika, na siku moja nyundo inajiangukia yenyewe. Wengine huondoa kile kipande kinachozuia Hi-Power isifyatue magazini ikiwa nje, ili triga iwe nyepesi. Watoto wako nyumbani, wewe umeshika magazini mkononi ukiamini bastola imelala, kumbe chemba ina risasi. Sikubali, na usimkubalie fundi yeyote anayekwambia ni jambo dogo.

Kuikata bastola, kuipaka kromu ya urembo, kuitundikia taa kwa ajili ya kuonekana: okoa fedha yako.

Fedha hiyo nunulia mkoba mgumu unaofunika triga yote. Wa ngozi unafaa kubebea, si kulaza bastola humo. Ngozi inashika jasho, na kwa hewa hii ya chumvi ya Mikindani kutu inaanza upande uliogusana nayo. Walio kwenye mikorosho, Newala au Tandahimba, waongeze jambo moja. Msimu wa kupuliza salfa ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, vumbi lile la njano linaganda kwenye mafuta ya bunduki na kuyageuza uji, na shaba ya maganda ya risasi inakuwa nyeusi. Msimu huo futa mafuta yote, paka mapya membamba, na kila ukirudi shambani toa risasi kwenye magazini uzifute kwa kitambaa kikavu moja moja. Iliyoingia doa lisilofutika itenge, ukaulize polisi namna ya kuirudisha.