Una disleksia na unataka urubani? Anzia hapa

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yakitoka, wazazi hunitafuta na swali lile lile. Mtoto anapenda ndege tangu utotoni na mikono yake ni myepesi, ila kusoma kunamtesa, na kuna mtu shuleni ameshawaambia wasahau urubani. Mimi nina disleksia, yaani ule ugumu wa kusoma na tahajia ambao hautokani na uvivu, na kazi yangu ni kurusha ndege ndogo ya Cessna Caravan kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda viwanja vya Maasai Mara. Haya ndiyo ninayowajibu.

Kwanza jueni ugumu uko wapi. Hauko kwenye usukani. Uko kwenye vitabu na mitihani, na baadaye kwenye karatasi za kila siku za kazi. Angani kwenyewe, hakuna rubani anayeruhusiwa kuamini jicho lake au sikio lake mara moja tu, awe na disleksia au asiwe nayo. Amri hurudiwa kwa sauti, ukaguzi hufanywa kwa orodha, na namba hulinganishwa na chombo kingine. Mtu aliyezoea tangu darasa la pili kukagua tena alichosoma anaingia kwenye taaluma inayomlipa kwa tabia hiyo.

Kabla ya kulipa karo

Pimwa. Taasisi ya elimu maalumu ya Kenya, KISE, kule Kasarani ina kituo cha tathmini, na kaunti zina vituo vya EARC vya kutathmini wanafunzi. Usiridhike na ripoti inayosema tu kwamba una disleksia. Iombe ieleze kwa undani: kasi yako ya kusoma, kumbukumbu yako ya muda mfupi, kama unageuza namba, kama tatizo ni tahajia zaidi. Sisi hatufanani. Kuna anayesoma polepole lakini hakosei namba hata moja, na kuna anayesoma haraka akageuza 25 ikawa 52. Mbinu za huyu hazimfai yule.

Kisha nenda kwa daktari aliyeidhinishwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, ukachukue cheti cha afya cha Daraja la Kwanza, ambacho ndicho leseni ya rubani wa biashara inahitaji. Leseni ya rubani binafsi inaridhika na Daraja la Pili, lakini ukilenga ajira, pima la Kwanza mapema, kabla familia haijauza kipande cha shamba. Watakupima moyo, masikio, macho, uwezo wa kutofautisha rangi. Disleksia si ugonjwa wa macho, na viwango vya afya vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambavyo nchi zetu hufuata, haviitaji kama kizuizi. Ukiulizwa kwenye fomu, jibu ukweli. La kuangalia sana ni kama una ADHD pia, yaani tatizo la kutulia na kuzingatia, kwani mara nyingi huandamana. Dawa zake ndizo zenye shida: FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, kwa mfano, haimpi cheti anayetumia methylphenidate, mojawapo ya dawa hizo. Hilo liulize kabla ya jingine lolote.

Shule nayo ihoji. Je, mwalimu atakubali nirekodi maelezo ya kabla ya kuruka? Naweza kufanya mitihani ya nadharia kidogo kidogo? Kama unataka muda wa ziada kwenye mtihani, iandikie mamlaka barua na uambatishe ripoti yako kabla ya kujisajili, upate jibu la maandishi. Mkuu wa shule akikuambia watu kama wewe hawafai, muage kwa adabu. Mimi niliambiwa hivyo mahali pa kwanza nilipobisha, na leo napaki ndege si mbali na lango lao.

Redio kabla ya kitabu

Huu ni ushauri ambao walimu wengi hawautoi. Jifunze redio kwanza, hata kabla ya kununua kitabu cha kwanza. Haina gharama, na itakupa ujasiri wa kukuvusha miezi ya nadharia.

Alfabeti ya redio, kuanzia Alfa hadi Zulu, ilitengenezwa ili herufi zisichanganyike sikioni. Bravo na Delta hazifanani hata kidogo. Kwa mtu ambaye b na d zimemsumbua maisha yake yote, hiyo ni neema. Ukiwa kwenye matatu, soma namba za magari kwa sauti ya chini: KDB 417D inakuwa Kilo Delta Bravo, fower, wan, seven, Delta. Ndiyo, nne hutamkwa “fower” na tisa “niner”, makusudi, zisipotee kwenye kelele. Namba husomwa moja moja. Usijizoeshe kusema “mia nne kumi na saba”.

Mnara ukikupa kibali, sheria inakutaka ukirudie: njia ya kurukia, kimo, mwelekeo, kipimo cha altimita (chombo kinachoonyesha kimo), msimbo wa transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada). Ukikosea, mwongoza ndege anakurekebisha papo hapo. Usipoelewa, unasema “Say again” na hakuna atakayekushangaa, makapteni wenye mvi husema hivyo kila siku. Chora mapema karatasi ya ubao wako wa kuandikia unaofungwa pajani, visanduku vitano, kila kimoja na kazi yake na mahali pale pale siku zote. Kibali kikija, hutafuti pa kuandika. Unajaza tu.

Mtihani wa Kiingereza wa ICAO usikutishe pia. Kiwango cha chini ni cha 4, na kinachopimwa ni matamshi, muundo wa sentensi, msamiati, ufasaha, uelewa na mawasiliano. Tahajia haimo.

Kila namba na shahidi wake

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo usalama ulipo. Namba moja isikubaliwe mpaka kitu kingine kiithibitishe. Chukua ripoti ya hali ya hewa ya Wilson kama hii:

HKNW 120600Z 06008KT 9999 BKN018 19/14 Q1024

Ukiitazama nzima, macho yanaogelea. Ifunike kwa kadi, uifunue kundi moja moja, na kila kundi ulitamke kwa maana yake kabla ya kufunua linalofuata. Wilson. Tarehe 12, saa 0600 za UTC, saa ya kimataifa inayotumika angani. Upepo unatoka nyuzi 060, kwa kasi ya noti 8. Unaona kilomita 10 au zaidi. Mawingu yamefunika zaidi ya nusu ya anga, futi 1,800 juu ya uwanja. Joto 19, kiwango cha umande 14. Kanieneo ya hewa 1024, ambayo ndiyo unayoiweka kwenye altimita.

Sasa ita mashahidi. Ndege huruka kuelekea upepo unakotoka, na namba ya njia ni mwelekeo wake bila tarakimu ya mwisho. Upepo wa 060 unakubaliana na njia 07, basi mnara ukikupa 07, mambo yanalingana, na ukidhani umesikia 25, ambayo ni njia ile ile kwa upande wa pili, uliza. Ukishajipanga kwenye njia, namba iliyopakwa lamini isomeke 07 na dira ionyeshe takriban 070. Ikiwa ni njia 14, dira iseme 140. Halafu kanieneo: ukiweka 1024 ukiwa bado chini, altimita inapaswa kuonyesha kimo cha uwanja, takriban futi 5,500. Ukigeuza tarakimu ukaweka 1042, itaonyesha karibu futi 6,000 ilhali magurudumu yako ardhini. Altimita imeshalikamata kosa hata kama jicho halikuliona. Transponda nayo ina shahidi ndani yake: tarakimu zake ni 0 hadi 7 tu. Ukijikuta umeandika 8 au 9, hukusikia vizuri.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mtego mmoja zaidi, saa. Ile 0600 ya UTC ni 0900 kwenye simu yako, na nyumbani ni saa tatu asubuhi. Hizo ni saa za aina tatu kwa wakati mmoja. Usibadilishe kichwani. Nunua saa ya mkononi ya bei nafuu, iweke UTC, uivae kazini tu, na kwenye karatasi ya safari usiandike saa nyingine yoyote.

Kasi zijifunze kwa mahali sindano inapolala, si kwa tarakimu peke yake. Kwenye Cessna 172S unainua pua kwenye noti 55, unapanda kwa 74, na injini ikizimika unaelea kwa 68. Kaa ndani ya ndege iliyozimwa hangani, weka kidole kwenye kioo cha kipimo cha kasi pale ambapo 68 ipo, sema “kuelea”, toa kidole, rudia. Mkono utakumbuka siku ambayo macho yamechoka.

Chekilisti vivyo hivyo. Mkono upite kwanza kwenye swichi kwa mpangilio ule ule kila siku, ndipo usome orodha kuthibitisha, kidole kikiwa juu ya mstari. Ukikatizwa katikati, rudi mwanzo wa sehemu hiyo. Mwalimu wangu, mzee aliyefundisha nusu ya marubani ninaowajua, hakukubali nimwambie nimeelewa. “Nifundishe mimi sasa,” alikuwa akisema, naye anakunja mikono kusubiri. Mwombe wako akufanyie hivyo, na mwambie kuhusu disleksia wiki ya kwanza. Asipojua, atadhani husomi.

Vitabu

Masomo ni mengi: sheria za anga, hali ya hewa, urambazaji, kanuni za kuruka, mifumo na utendaji wa ndege, uwezo na mipaka ya binadamu na mengineyo. Simu isome kwa sauti, wewe ufuate kwa macho na uchore. Hali ya hewa bila kuchora haiingii. Ongeza ukubwa wa herufi na nafasi kati ya mistari, lakini pesa yako usiipeleke kwenye plastiki za rangi zinazouzwa kama tiba. Ilipie saa moja zaidi na mwalimu.

Kwenye mtihani wa kuchagua, kitu cha kwanza ni kuzungushia duara maneno ya kukanusha, NOT na EXCEPT, kabla ya kusoma majibu. Hayo ndiyo huwaangusha wenzetu wanaolijua somo vizuri.

Ukishaajiriwa

Leseni binafsi inataka saa 40 angani na ya biashara 200, au 150 kwenye kozi iliyoidhinishwa. Ukifika huko, karatasi ndiyo mpinzani. Safari moja ya Mara inaweza kuwa na abiria wa Musiara, wa Mara Serena na wa Ol Kiombo, na kwenye orodha iliyochapwa kwa herufi ndogo, Musiara na Mara Serena zinakaribiana mno. Mimi hupaka kila uwanja rangi yake, kisha nyuma ya karatasi nachora ramani ya mkono: Wilson, mstari, duara, idadi ya wanaoshuka, duara linalofuata. Abiria wakipanda, nahesabu kwa ramani, na mhudumu wa chini anahesabu kwa orodha. Namba zetu zisipolingana, mlango haufungwi.

Siku ya kuajiriwa, omba vitabu vya uendeshaji vya kampuni kwa PDF, kabla ya mafunzo ya ndege utakayorusha kuanza. PDF husomwa kwa sauti usiku ukiwa jikoni, na toleo jipya likija unatafuta neno badala ya kupekua kurasa. Utazihitaji tena ukikaribia saa 1,500 za leseni ya juu, kwa kuwa hapo vitabu hurudi vyote.