Kisima jirani na dampo au mabwawa ya majitaka: namna ya kupima maji na kuyasoma majibu

Ukifika maabara ukaomba tu "wanipimie maji", huenda ukapewa vimelea na chumvi basi. Kwa kisima cha jirani na dampo hiyo haitoshi. Maji yanayovuja kutoka kwenye taka yakipita mchangani bakteria huchujwa njiani, lakini kloridi hupita, na mara nyingi amonia nayo hufuata. Andika mwenyewe kwenye fomu: E. coli (bakteria wa kinyesi), nitrati, amonia, kloridi, chuma, manganizi na upitishaji umeme (unaoonyesha wingi wa chumvi zilizoyeyuka).

Dampo lililofungwa lihesabu pia. Dar es Salaam taka zilimwagwa Tabata, Vingunguti na Mtoni kabla ya kuhamia Pugu Kinyamwezi, na taka zilizofukiwa bila tabaka la kuzuia huvuja kwa miongo. Waulize wazee wa mtaa kabla hujamwita mchimbaji.

Kosa kubwa hufanyika kwenye kuchota. Maji yaliyolala ndani ya bomba la kisima hayawakilishi yaliyo ardhini, hivyo yatoe kwanza mara tatu ya ujazo wake. Bomba la kipenyo cha milimita 125 lenye maji kimo cha mita 30 lina lita kama 370; utatoa lita 1,100, yaani dakika 37 kwa pampu ya lita 30 kwa dakika. Chota kwenye koki iliyo kabla ya simtanki, la sivyo unapima simtanki.

Koki ya chuma ichome kwa moto wa spiriti; ya plastiki ifute kwa spiriti. Chupa ya vimelea hutoka maabara ikiwa imetakaswa: usiisuuze, usiguse mdomo wake, acha nafasi ya hewa juu. Chupa ya nitrati na kloridi isuuze mara tatu kwa maji yaleyale. Ya chuma na manganizi huwekewa asidi na maabara. Bila asidi chuma huganda kwenye kuta za chupa na majibu hushuka kwa uongo. Weka zote kwenye kasha lenye barafu. Za vimelea zifike ndani ya saa 6, na zisipite 24 kamwe.

Sasa majibu. Yasome kwa pamoja, usikae na namba moja moja. Nitrati nyingi pamoja na E. coli huashiria choo, karo au majitaka yaliyosafishwa nusunusu. Amonia, chuma na manganizi vikiwa juu huku nitrati ikiwa ndogo, shuku dampo, kwa kuwa chini ya taka hakuna oksijeni. Maji ya namna hiyo hutoka meupe kabisa. Yaache ndooni saa moja utaona rangi ya kutu ikijitokeza na utando juu. Ila chuma peke yake si ushahidi, miamba mingine inacho kiasili. Kloridi nayo, pwani, yaweza kuwa ya bahari: ikipanda yenyewe bila amonia wala nitrati, fikiria maji ya chumvi yanayovutwa na pampu.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa nitrati ni miligramu 50 kwa lita. Baadhi ya maabara huandika kama nitrojeni, na hapo kikomo hichohicho ni 11. Ukiona "14" usishangilie. Uliza ni 14 ya nini, kwani kama ni nitrojeni ni sawa na nitrati 62. E. coli iwe sifuri katika mililita 100.

Nitrati ikizidi, usichemshe ukidhani umetibu: maji hupungua sufuriani, nitrati inabaki na kuwa kali zaidi. Mtoto mchanga wa maziwa ya kopo atafutiwe maji mengine siku hiyohiyo. Klorini nayo huliwa na amonia. Kila miligramu moja ya nitrojeni ya amonia humeza 8 hadi 10 za klorini kabla haijabaki ya kuua vimelea. Ndiyo maana dozi ya kawaida hushindwa kwenye visima hivi. Baada ya dakika 30 pima klorini iliyobaki. Ikiwa chini ya miligramu 0.2 kwa lita, maji hayo hayajatibiwa.