Igizo la siasa mbele ya wazee wa kijiji: namna ya kuliandika likasikilizwa mpaka mwisho

Huku kwetu mkoani Tanga, upande wa Pangani na Muheza, ukisimama uwanjani ukasema binti wa miaka 15 asiozwe, hujamaliza sentensi ya pili umeshaulizwa umetumwa na nani. Mimi huandika maigizo mafupi ya kuchekesha yanayochezwa siku za gulio, na jambo hilo la ndoa za mabinti ndilo ninaloliandikia kuliko mengine yote. Nimewaona wazee waliokuja kutuzuia wakakaa, wakacheka, na tulipokuwa tunafunga vitu vyetu wakawa wanabishana wao kwa wao. Kwa hiyo najua inawezekana, ila maandalizi yake ni mengi kuliko igizo lenyewe.

Anza na sheria, usianze na jirani. Kila kijiji kina binti aliyeozwa mapema na kila mtu anamjua baba yake. Ukimchukua huyo ukamweka jukwaani umeshamwaibisha binti mara ya pili, na baba ana ndugu nusu ya uwanja. Sheria haina ndugu. Na hii ya kwetu, mwandishi wa vichekesho hahitaji hata kuiongezea chumvi.

Isome uone. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13, inamtaka mwanamume afikishe miaka 18 ndipo aoe, lakini msichana inamruhusu aolewe akiwa na 15. Kwa kibali cha mahakama hata wa miaka 14 anaolewa. Kifungu cha 17 kinataka ridhaa ya baba kama binti hajafika miaka 18. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alikwenda Mahakama Kuu akashinda: vifungu hivyo vikatamkwa kuwa vinakiuka Katiba, na serikali ikapewa mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka ule mmoja uliisha zamani na vifungu vikabaki vile vile. Sasa weka pembeni yake marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka huo huo wa 2016, yanayosema anayemuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari afungwe miaka 30. Maana yake binti akiwa na sare, kumuoa ni miaka 30 jela. Akiivua sare, binti yule yule, mwili ule ule, ni mke halali. Ndiyo maana kuna wazazi wanaomwambia mtoto wa darasa la saba ajaze majibu ovyo ili asichaguliwe kwenda sekondari. Walioandika sheria hizi mbili walimwachia baba mlango wazi katikati, na huo mlango ndio igizo lako.

Kicheko kielekee juu. Hili nalishikilia sana, kwa sababu vikundi vingi vinavyotoka mjini huja kumcheka mkulima mshamba anayetaka mahari. Mahindi yake yamekauka, ada ya mtoto mwingine inamsubiri, halafu mtu mwenye gari anamfanya kichekesho mbele ya wanawe. Atakuchukia, na atakuwa na haki. Baba aonekane jukwaani, akosee, aulizwe maswali magumu, lakini mwisho wa yote watazamaji wamtazame aliyeuacha mlango wazi, naye yuko Dodoma. Binti asichekwe hata mara moja. Ukiandika mstari unaomfanya yeye achekwe, futa, hata kama ndio mstari mzuri kuliko yote.

Nikuonyeshe onyesho moja jinsi tunavyolicheza. Meza moja, karani mmoja, kofia tatu. Binti anakuja na mfuko wa rambo. Karani amevaa kofia ya kwanza, anaandikisha vitambulisho vya taifa. "Miaka mingapi?" "Kumi na mitano." "Mtoto huyu! Rudi nyumbani ukacheze, njoo na miaka 18." Binti anazunguka meza, karani anabadili kofia, sasa anaandikisha wapiga kura. "Miaka mingapi?" "Kumi na mitano." "Mtoto hapigi kura, mtoto hana akili ya kuchagua hata diwani. Mama yako yuko wapi?" Binti anazunguka tena. Kofia ya tatu ni ya msajili wa ndoa. "Miaka mingapi?" "Kumi na mitano." Hapo karani anasimama, anafuta kiti kwa leso, anainamisha kichwa: "Shikamoo, mama mwenye nyumba. Karibu ukae."

Yote aliyosema karani ni kweli: kitambulisho ni miaka 18, kura ni miaka 18. Mwandishi hakutunga kitu isipokuwa kofia. Ndivyo ninavyopima onyesho la siasa. Nikitoa utani wangu wote, mabaki yake yawe jambo ambalo mtu anaweza kulifungua kwenye kitabu cha sheria na kulikuta. Mzee akikuuliza "hayo umeyatoa wapi?", na atakuuliza, umtajie kifungu papo hapo.

Baada ya sheria, tafuta mdomo wa kuyasema. Kijana msomi akimhoji mzee jukwaani, watazamaji wanaona utovu wa adabu tu, hoja hawaisikii. Lakini bibi anaweza kusema chochote. Bibi na mjukuu ni watani, na huko nyuma Mzaramo aliweza kumwambia Mnyamwezi maneno mazito hata msibani na hakuna aliyenuna, kwa sababu utani una ruhusa yake. Itumie ruhusa hiyo, ipo tayari, haikutoka nje. Katika onyesho letu la pili baba anarudi amefurahi kwamba binti kafeli. Bibi anapeta mchele, hamtazami. Anasema, "Mwanangu, nimezeeka. Nimeona watu wakisomewa dua wafaulu. Hii ya kusomewa dua afeli mmeileta lini?" Hapo upande wa wanawake huwa wanapiga vigelegele na upande wa wanaume kunakuwa kimya kidogo. Baba anajibu kwamba sheria inaruhusu. Bibi: "Sheria imemzaa nani, mpaka imjue mtoto kuliko mimi?" Kama mstari huo angeusema mwalimu, au mimi, tungefukuzwa. Mpe mwigizaji mwenye umri kweli. Msichana aliyejipaka unga kichwani hawezi kuubeba.

Dini usiiguse kwa kicheko. Silisemi kwa woga tu, ingawa Kanuni ya Adhabu ina makosa ya kutukana dini na ni vizuri uyajue. Nalisema kwa sababu watu hawa wanaswali, mimi naswali, na binti tunayemtetea anaswali. Ukimvalisha mhusika mpumbavu kanzu na kilemba, watazamaji wataondoka na kilemba, mjadala wa umri utasahaulika. Sisi andiko tunampelekea shehe wa kata kabla ya mazoezi ya mwisho, tunakaa naye barazani, tunamsomea kwa sauti. Hatumwombi kibali cha kusema. Tunamwomba atuambie palipo na neno baya. Anatusahihisha maneno mawili matatu, na siku ya igizo anakuwa amekaa mbele. Kanisani vivyo hivyo, mpelekee mchungaji au katekista. Kama shehe hakubaliani kabisa na hoja yako, ni heri uyajue majibu yake ukiwa barazani kuliko kuyasikia kwa mara ya kwanza uwanjani.

Rangi za nguo nazo zina siasa yake. Kijani na njano mtu asizivae, wala bluu na nyekundu, wala zambarau: ni rangi za vyama. Kagua mwenyewe kanga ya bibi, kwa sababu kanga nyingi za vijijini ziligawiwa kwenye kampeni na zina picha ya mgombea mgongoni. Mwigizaji hakumbuki, watazamaji wanaiona dakika ya kwanza, na tangu hapo igizo ni la chama. Wakati wa kampeni zenyewe acheni kabisa, fanyeni mazoezi.

Vibali havina raha kuvieleza ila usiviruke. Barua kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa afisa utamaduni wa halmashauri, na ubaki na nakala yako iliyogongwa muhuri, siku hiyo iwe mfukoni mwa mtu ambaye hachezi. Andika kwenye barua mada yenyewe wazi, "umri wa kuolewa kwa mabinti", usifiche kwa "elimu kwa jamii". Akija mtu kusimamisha, muhuri uwe umegongwa juu ya maneno hayo hayo.

Watu watarekodi kwa simu, huwezi kuwazuia. Andika ukijua kwamba kipande cha nusu dakika kitasafiri peke yake mpaka Handeni na Dar es Salaam bila mwanzo wala mwisho wake. Kwa hiyo kila onyesho lisimame lenyewe, na pasiwe na mahali ambapo mhusika mbaya anasema uongo kwa muda mrefu bila kujibiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, kwa taarifa za uongo inataka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Ukiamua kuwa na runinga yako ya mtandaoni, ulizia kwanza leseni kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano: kanuni za maudhui za 2020 ziliitaka. Na laini ya simu unayotumia iwe kwa jina lako mwenyewe: Mei 2020 polisi walimshikilia mchekeshaji Idris Sultan baada ya video iliyomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli, na shtaka lililofika mahakamani likahusu laini iliyokuwa ya mtu mwingine. Viongozi wenye majina usiwaigize sauti wala sura. Karani wa kofia tatu anatosha, kila mtu amewahi kukaa mbele yake.

Igizo likiisha usihutubie. Mwache bibi abaki jukwaani na ungo wake, aulize swali moja tu: "Nani hapa alioa akiwa na miaka 15?" Wanaume wataanza kucheka, halafu mmoja atasema yeye wakati huo alikuwa bado anachunga mbuzi, na mwingine ataongeza. Waachie uwanja wazungumze, upande wa wanawake upate zamu yake mapema kabla jua halijawarudisha jikoni. Uwe na karatasi ya barua kwa mbunge wa jimbo, yenye ombi moja: aulize bungeni vifungu vya 13 na 17 vitarekebishwa lini. Anayejua kuandika aweke sahihi, asiyejua aweke dole gumba, na kidau cha wino kisisahauliwe nyumbani. Ipelekwe ofisi ya jimbo wiki ile ile, ipokelewe kwa muhuri, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa kijiji ili walioweka dole waone kwamba imefika.